Maswali Yenu: Kiti Mwendo, Mguu Kifundo, Magongo na Ngazi za Zahanati

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wenye ulemavu wa viungo na jamaa zao. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Swali la kwanza tumelikalia zaidi kwa sababu ndilo linalojirudia.

Mdogo wangu alianguka mnazini akavunjika uti wa mgongo. Miguu haifanyi kazi wala haina hisia. Wafadhili walimletea kiti mwendo kipya, tukashukuru. Sasa ana kidonda kwenye kalio la kulia, kinanuka, na tumeshauriwa tumwekee kata ya kanga akalie. Je, ni sawa? (Msomaji, Muheza)

Pole sana, ndugu yetu. Kata hiyo itoeni leo. Kitambaa kilichozungushwa kama kata, au mpira wa ndani wa tairi uliojazwa upepo, hukandamiza nyama kuzunguka kidonda chote, na damu iliyotakiwa kufika katikati haifiki. Kidonda huzidi kuchimbika.

Kwa kuwa kimeshaanza kunuka, msiendelee kukifunga zahanati. Mpelekeni hospitali, na mwombe barua ya rufaa itaje mambo mawili kwa uwazi: kidonda cha mgandamizo, na jeraha la uti wa mgongo. Bila hayo atapangwa foleni ya kubadilisha bandeji, wakati anayemhitaji ni daktari wa upasuaji. Harufu, usaha, homa, au kidonda kilichofika mfupani maana yake ipo nyama iliyokufa inayopaswa kukatwa, na huenda uambukizo umeshaingia kwenye mfupa. Dawa ya kupaka haifiki huko.

Wakati mkisubiri, asikikalie kabisa. Alale kifudifudi au ubavu, ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, mto katikati ya magoti na visigino vikining'inia bila kugusa godoro. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Spiriti, dawa inayotoa povu jeupe na majivu vyote huua nyama changa inayojaribu kuota, kwa hiyo viacheni. Chakula nacho ni tiba hapa: mayai, dagaa, maharage, maziwa, kila siku. Kidonda kikubwa humwaga protini nyingi, na mtu anayeshindia ugali na mchicha hafungi kidonda hata akifungwa bandeji ya bei gani.

Sasa kiti chenyewe. Kwa maelezo yenu tunashuku ni kiti cha kusukumia wagonjwa wodini: kinakunjwa, makalio yanakaa kwenye turubai, na hakikuja na mto. Kiti hicho ni cha mtu anayekaa robo saa akipelekwa eksirei. Mtu asiye na hisia akikikalia kutwa, mifupa miwili ya makalio inabeba karibu uzito wote wa kiwiliwili, na mwili wake haumwambii ajisogeze.

Kiti mwendo kinapimwa mwilini kama suruali inavyopimwa kwa fundi. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga pale zilipo pana zaidi. Kikizidi, mtu huegemea upande mmoja na kalio la upande huo ndilo linalochubuka (la mdogo wako ni la kulia, angalieni kama haegemei kulia). Kina kipimwe kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha mtoe sentimita 3 hadi 6, kiti kisije kikakata nyuma ya goti. Kikanyagio ndicho kinachosahaulika. Kikiwa juu mno, magoti hupanda, mapaja huacha kugusa mto, na uzito wote hurudi kwenye ile mifupa miwili. Mara nyingine kukishusha kwa spana moja kunasaidia kuliko dawa zote mlizonunua.

Mto wa kukalia uwe wa sponji ngumu, wenye bonde kidogo nyuma pale yanapokaa makalio. Akishaukalia, pima hivi: ingiza vidole vyako, kiganja kikitazama juu, kati ya mto na mfupa wa kalio. Ukiweza kuvichezesha vidole juu na chini kwa nusu sentimita au zaidi, mto unafaa. Ukishindwa kuvichezesha lakini vinatoka kirahisi, hiyo ni dalili ya tahadhari. Vikibanwa hata kuvichomoa ni kazi, mto huo utamtoboa. Rudieni kipimo hicho kila mwezi, maana sponji huchoka. Ufueni kwa kuukamua kwa viganja bila kuusokota, na uanikwe kivulini. Jua kali hulikausha sponji likawa gumu na kumung'unyika.

Kidonda kikipona, kila nusu saa ainame mbele hadi kifua kikaribie magoti, au aegemee kando, kwa dakika 2 kamili. Wengi hujiinua kwa mikono kwa sekunde chache wakadhani wamemaliza, lakini damu inakuwa bado haijarudi, na mabega yanachakaa bure. Asubuhi na jioni akaguliwe makalio, kiuno na visigino. Vijitabu huandika tafuta wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuteni doa lililo jeusi kuliko ngozi ya jirani, lenye joto, au gumu kwa kushika. Likionekana, asikae tena mpaka limetoka.

Kwa kupimiwa kiti, anzeni kitengo cha utengamao (kinachomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake) cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo. Rufaa inayofuata kwa kanda yenu ni hospitali ya KCMC, Moshi, ambako pia kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Nendeni na kiti mlicho nacho, huenda kikarekebishika. Na tairi zake zijazwe upepo: ukibonyeza kwa dole gumba zisizame zaidi ya milimita 5. Breki za viti vingi hushika kwenye tairi, kwa hiyo tairi laini ni breki isiyoshika, na wengi huanguka hapo wanapohamia kitandani.

Je, mtu mwenye ulemavu hatibiwi bure hospitali ya serikali? Mama yangu anatumia magongo na aliambiwa alipe. (Msomaji, Singida)

Ulemavu peke yake haukufungulii mlango huo. Msamaha wa matibabu huangalia makundi, kama watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na huangalia uwezo wa mtu kulipa. Mama akiwa na umri huo, aombe kwa njia ya wazee. Kama hajafika, aombe kama asiye na uwezo.

Njia ni hii: barua ya mwenyekiti au mtendaji wa kijiji au mtaa, yenye muhuri, inayosema hana kipato wala mtu wa kumlipia. Isiseme tu kwamba ni mlemavu, kwani barua za namna hiyo ndizo zinazorudishwa. Aipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali kabla ya kwenda dirisha la malipo. Karani wa dirisha hana mamlaka ya kusamehe, ndiyo maana kubishana naye hakusaidii. Bili ikishafungwa kurudi nyuma huwa kazi. Mama aulizie pia kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa, iliyowekwa chini ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Pale inapofanya kazi, barua iliyopitia kwao hupita haraka.

Mwanangu alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo umepinda kuelekea ndani, amefungwa plasta mara nne. Mguu umenyooka vizuri sana. Baba yake anasema nauli ya kwenda tena ya nini, na mama mkwe anasema viatu vya chuma vitamlemaza. (Mama Neema, Kahama)

Mama Neema, hongera kwa kufika hapo. Msiachie njiani.

Tiba anayopata mwanao inaitwa Ponseti, kwa jina la daktari aliyeianzisha. Kila wiki mguu unanyooshwa kidogo kwa mikono, kisha unafungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Ikiishia chini ya goti huvuka ikatoka, kwa hiyo mkifungiwa fupi, ulizeni. Watoto wengi huhitaji plasta 5 hadi 7. Zile za mwanzo hurudisha unyayo ulioelekea ndani, na hapo mguu huonekana umepona. Kisigino kinakuwa bado kimevutwa juu na kano fupi iliyo nyuma yake. Wengi wao hukatwa kano hiyo kwa tundu dogo, kwa ganzi ya pale pale, na huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Plasta ya mwisho hukaa wiki 3 wakati kano ikijiunga upya ikiwa ndefu zaidi.

Baada ya hapo huja viatu vilivyounganishwa kwa upau, na hapa ndipo kazi ya miezi hupotea. Mguu kifundo unataka kurudi ulikotoka. Hilo halina uhusiano na mzazi kuwa mzembe, ndivyo nyama na kano za mguu huo zinavyokua. Viatu huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya kwanza, saa moja ya kuoga. Kisha usiku na anapolala mchana, mpaka afikishe miaka 4 au 5. Upau uwe na urefu sawa na upana wa mabega yake, kiatu cha mguu uliotibiwa kielekee nje kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 70, na cha mguu mzima nyuzi 30 hadi 40. Kijana wa bodaboda wa jirani anaweza kukaza skurubu, lakini nyuzi hizo asiziguse.

Usiku mbili tatu za kwanza atalia. Si maumivu, ni kwamba hawezi kurusha mguu mmoja peke yake. Shika upau umkunje na kumnyoosha miguu yote miwili pamoja, kama mchezo, mpaka ajifunze. Ukimvua kila akilia, atajifunza hilo. Kisigino kisipogusa soli ya kiatu, usikaze tu kamba: mguu umeanza kurudi, rudini kliniki wiki hiyo hiyo. Kuna wazazi wanaoendelea kuulazimisha kwenye kiatu mpaka unachubuka, halafu wanakilaumu kiatu.

Kwa sasa, akiwa na plasta, kagua vidole kila unapombadilisha nepi. Bonyeza kidole kiwe cheupe, ukiachia rangi irudi upesi. Vikiwa baridi, vimevimba au vya bluu, rudi hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili, plasta ipasuliwe. Na vidole vikianza kupotelea ndani, plasta imeteleza. Ikiendelea kukaa inaharibu umbo badala ya kulinyoosha. Msiilainishe nyumbani siku mbili kabla ya kliniki ili kuokoa muda. Mguu usio na plasta siku mbili huanza kurudi nyuma.

Kuhusu nauli, muulize mhudumu kama siku za kliniki zinaweza kwenda sambamba na chanjo, na kama viatu vina gharama au vinatolewa. Mtoto wako yuko kwenye kundi la msamaha wa chini ya miaka 5, lakini kiatu mara nyingine huhesabiwa kama kifaa, si matibabu. Kwa kanda yenu rufaa huelekea hospitali ya Bugando, Mwanza. Walioko Dar es Salaam huenda hospitali ya CCBRT, Msasani. Mama mkwe mchukue siku moja mwende naye. Akiwaona watoto wa miaka mitatu wakikimbia barazani pale kliniki, mjadala wa chuma utapungua.

Magongo yananipa ganzi mkononi. Kwa nini? (Msomaji, Iringa)

Unayaning'inia kwapani. Mshipa wa fahamu unaonyoosha kiwiko na kunyanyua kiganja hupita hapo, na ukibanwa kwa wiki kadhaa kiganja huanza kulegea. Simama wima umevaa viatu: kati ya kwapa na kichwa cha gongo pawe na nafasi ya vidole 2 hadi 3. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono uliolegezwa, ili ukiushika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ubebwe na viganja, na kichwa cha gongo kibanwe tu ubavuni. Sponji uliyoifunga juu huongeza urefu, kwa hiyo ukiiweka shusha gongo kwa kiasi hicho. Mpira wa chini ukichakaa michirizi yake, ubadilishe kabla ya masika. Ganzi isipoisha baada ya wiki mbili za kurekebisha, au kiganja kikianza kuanguka, nenda kwa daktari.

Nilivunjika mgongo kwa ajali ya basi, kuanzia kifuani kushuka chini sina hisia. Nina mimba ya miezi minne. Kliniki wananishangaa tu, mizani yenyewe siwezi kupanda. Naweza kujifungua salama? (Dada, Kasulu)

Unaweza, dada, na hata kwa njia ya kawaida. Kiti mwendo si sababu ya kupasuliwa. Sababu ni zile zile za wanawake wengine, pamoja na nyonga kama nazo ziliumia ajalini. Kinachotakiwa ni ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na daktari wa usingizi, na wakujue kabla ya siku yenyewe.

Jambo moja lazima walijue wote watakaokugusa, liandikwe kwenye kadi ya kliniki ukurasa wa mbele. Kwa aliyeumia pingili ya 6 ya kifua au juu yake, mwili unaweza kupandisha presha ghafla kwa kitu kidogo kilicho chini ya pale hisia zinapoishia: kibofu kilichojaa, choo kigumu, kipimo cha njia ya uzazi, uchungu wenyewe. Dalili ni kichwa kuuma kwa kugonga, jasho na wekundu usoni, malaika (vinyweleo) kusimama. Wahudumu hudhani ni kifafa cha mimba. Tofauti yake ni kwamba hii hupanda na kushuka pamoja na uchungu, au hukoma chanzo kikiondolewa. Hata hivyo, wewe unaweza kupata vyote viwili, kwa hiyo mkojo upimwe protini kama kwa mjamzito mwingine.

Kuna mtego hapo. Watu wengi wenye jeraha la juu hukaa na presha ya chini, kama 90 kwa 60. Ikifika 130 kwa 85 mhudumu ataandika "kawaida", kumbe kwako imeruka mno. Ndiyo maana presha yako ya kila siku iandikwe sasa, ukiwa huna tatizo, iwe kipimo cha kulinganishia.

Ikitokea: inuliwa ukae wima, miguu ishuke, nguo zilegezwe, kibofu kitolewe mkojo. Kama una mpira wa mkojo, waangalie haujakunjika wala kuziba. Isiposhuka, wanaendelea na dawa. Wakati wa kujifungua, ganzi ya mgongoni iliyowekwa mapema huzuia hali hii, hata kama husikii maumivu. Wengi huinyimwa kwa hoja ya kwamba "hasikii kitu". Kama mgongo wako una vyuma au umepinda, daktari wa usingizi auone kabla ya wiki ya 36, maana kupitisha sindano kutakuwa kugumu. Baada ya mtoto kutoka, wakumbushe kwamba ergometrini, dawa ya kuzuia damu kutoka nyingi, hupandisha presha. Oksitosini ndiyo inayokufaa.

Uchungu huenda usiuhisi. Jifunze kuweka kiganja tumboni asubuhi na jioni: tumbo likikaza likawa gumu kisha likalegea kwa mpangilio, nenda. Miguu kukakamaa kuliko kawaida, pumzi kubana au jasho la ghafla pia ni dalili. Kasulu kuna vijiji vya mbali na barabara ya masika unaijua. Omba kulazwa au kukaa karibu na hospitali wiki chache kabla ya tarehe.

Mkojo: kama unajitoa kwa mpira kila saa 4 hadi 6, mimba ikikua kibofu hubanwa na itabidi uongeze mara. Ukivuja kati, au mkojo ukiwa na mawingu na homa, upimwe. Kuhusu mizani, jamaa akubebe wapime wote wawili, kisha wapunguze uzito wake. Au wakupime na kiti juu ya mizani ya magunia, watoe uzito wa kiti. Njia hiyo ya magunia si ya kudhalilisha kama mizani ni sahihi, na uzito wako wanauhitaji kwa vipimo vya dawa.

Zahanati yetu ina ngazi tatu mlangoni. Kamati imekubali tujenge njia ya kiti mwendo, fundi anasema mita mbili zinatosha. (Mjumbe wa kamati, Mbarali)

Hazitoshi. Kanuni ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko uwe mita 5 na sentimita 40. Wa mita mbili ni mkali kiasi kwamba mtu atabinuka kinyumenyume, na wanaobeba machela watateleza. Kama uwanja ni mfupi, ukunjwe katikati, pale kwenye kona pawe tambarare mita 1.5 kwa 1.5. Mapana mita 1.2. Juu, mbele ya mlango, tambarare ya mita 1.5 pia, la sivyo mtu atakuwa anavuta mlango huku kiti kikirudi nyuma.

Kando ziwe na kingo za sentimita 10 kuzuia gurudumu kutoka, na mabomba ya kushika pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 85 hadi 90. Uso wake usipigwe niru. Usuguliwe kwa ufagio mgumu zege likiwa bichi, mistari ikikatiza njia. Kwa zege la juu lenye unene wa sentimita 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4, mifuko 4 hadi 5 ya saruji ya kilo 50 inatosha kwa mteremko, chini yake mkijaza mawe na moramu iliyoshindiliwa. Kuta za kando na tambarare ni nyongeza.

Pima na mlango kabla ya kuanza: uwazi uwe sentimita 90. Kisha choo. Tumeona mteremko mzuri unaoishia kwenye choo chenye mlango wa sentimita 60. Fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo zinaweza kubeba ukarabati mdogo, mradi umo kwenye mpango wa mwaka, kwa hiyo kikao chenu kiketi kabla mpango haujafungwa. Na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri mpaka mkazi wa kijiji anayetumia kiti mwendo apande na kushuka mwenyewe.